Ghorofa ya Didi

Nyumba ya Diwali ya mwaka ule niliianza vibaya. Udongo wa bwawani niliuchota mvua ikiwa imetoka kunyesha, nikaubeba ungali laini kama unga wa chapati uliozidi maji, na bila kuungoja ukauke kidogo nikaanza kuinua kuta. Kufika jioni ukuta wa mbele ulikuwa umeinama kama mzee anayetafuta kiatu chake chini ya kitanda.

Batasiya Chachi, jirani yetu wa mlango wa pili, alisimama uani kwetu na kikapu chake cha mboga, akaitazama.

"Lalmuni, hiyo ni gharaunda au kichuguu?"

"Gharaunda, Chachi."

"Haya. Basi mungu wetu Lakshmi akija na neema zake usiku wa taa mwambie aingie kwa kutambaa."

Mimi maneno huwa yananijia mtu akishaondoka. Na isitoshe alikuwa na haki ya kucheka, maana binti yake mwaka ule alinunuliwa gharaunda ya boksi dukani, ina rangi ya waridi na taa za umeme zinazowaka na kuzima. Kwetu hapa msichana ambaye hajaolewa lazima awe na kijumba chake siku ya Diwali, cha udongo au cha boksi, kinachomfika magotini, kimepakwa chokaa na kuchorwa maua na samaki. Ndani yake anapanga vijungu vidogo vya udongo, anavijaza bisi za mpunga na vinyago vya sukari. Yeye mwenyewe haonji hata punje. Ni vya kaka yake, ili ghala la kaka lisikauke mwaka mzima. Akishaolewa, mambo hayo yanakwisha. Nyumba yake iko kule alikokwenda, na uani kwa mama yake hagusi tena udongo.

Dada yangu Sunaina, ambaye mimi namwita Didi, ndiye aliyekuwa fundi wa gharaunda mtaani kwetu. Kabla hajaolewa watu walikuwa wanatoka mpaka upande wa stesheni kuja kuzitazama. Mwaka ule alikuwa nyumbani, lakini alikuwa mke wa mtu. Alikuja katikati ya masika na mfuko mmoja, akasema, "Nimekuja kuwatazama." Tukafurahi. Mvua zikaisha, mpunga ukakomaa, na Didi alikuwa bado anatutazama.

Alikuwa na tabia moja mpya. Popote alipokaa aliweka tofali kwenye mlango ili usijifunge. Usiku alikataa kulala chumbani na mimi, akalala barazani kwenye kitanda cha kamba, na mlango nao lazima ubaki wazi.

"Sunaina, mbu wanatumaliza!" kaka yetu alikuwa analalamika. "Tunawafuga au vipi?"

"Vumilia, Bhaiya."

"Mimi navumilia. Damu ndiyo imekwisha."

Bhaiya anaitwa Upendra, lakini nani anamtaja kaka yake mkubwa kwa jina? Tangu baba alipofariki yeye ndiye baba yetu. Ni seremala, ana karakana sokoni, anatengeneza milango na fremu za madirisha. Si mtu mbaya. Kila jioni akirudi lazima awe na kitu mfukoni, karanga au jalebi iliyokandamizwa na funguo. Ila ana sifa, na sifa zake zote zinahusu milango. Didi alipoolewa, Bhaiya alisikia chumba atakachopewa kule kina pazia la gunia tu. Akachonga mlango wa mbao ya shisham, akaupakia kwenye trekta, akaenda kuufunga kwa mkono wake. Mpaka leo mteja akiuliza bei atahadithiwa habari za ule mlango. "Tembo akiusukuma, tembo ndiye atakayeumia."

Siku za Dasara, sikukuu inayotangulia Diwali, Ramsakal-ji, baba mkwe wa Didi, alikuja na mkungu wa ndizi. Alikaa barazani, akanywa chai, akasema kwa upole kwamba watu kule wanauliza. Mwanawe yuko Delhi kiwandani, hawezi kuja mwenyewe. Nyumba isiyo na mkamwana wakati wa sikukuu inachekwa. Bhaiya akainamisha kichwa. Wakakubaliana kwamba asubuhi inayofuata Diwali, Ramsakal-ji atakuja na gari, na Didi atarudi.

Nilijua kwa nini Bhaiya alikubali upesi. Kulikuwa na msichana wa Muzaffarpur aliyekuwa anaposwa kwa ajili yake, na mjomba wa msichana alikuwa ameuliza mara mbili, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, "Dada yenu bado yuko kwenu?"

Ile siku Ramsakal-ji alipoondoka, Mai, mama yetu, alimweka Didi jikoni, nami nilikuwa nasaga viungo, nikasikia.

"Anakupiga?"

"Hapana, Mai."

"Wanakunyima chakula?"

"Hapana."

"Mkwe wako wa kike ana mdomo?"

"Kila mtu ana mdomo."

"Sasa ni nini, mwanangu? Niambie nipate la kumwambia kaka yako."

Didi aliutazama mlango wa jikoni, na tofali lake.

"Utaona ni jambo dogo," akasema. Mai akashusha pumzi, akarudi kwenye dengu zake.

Kwa hiyo nilipokuwa najenga kichuguu changu, sote tulijua kwamba gharaunda ikimalizika na taa zikiwashwa, Didi anaondoka. Nafikiri ndiyo maana mikono yangu ilikuwa haifanyi kazi.

Didi alikuwa anakaa kitandani barazani na kunielekeza kwa mdomo.

"Bomoa ukuta huo. Usiuonee huruma. Tia pumba za mpunga, ukande tena. Zaidi. Unakanda au unaubembeleza?"

"Didi, si uje unishikie hapa tu."

"Siwezi, unajua."

"Hakuna anayeona."

"Batasiya Chachi anaona hata akiwa amelala."

Tukacheka. Lakini niliitazama mikono yake ilivyolala mapajani, na vidole vilikuwa vinakanda ncha ya sari.

Kwa maelekezo yake kuta zilisimama. Nilizisiliba kwa kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na udongo, nikaziacha zipate jua. Paa likanishinda. Niliweka vijiti, nikaweka udongo juu, nikaenda kunawa, nikarudi nikakuta limeangukia ndani. Nilikaa chini nikalia kama mtoto, mtu mzima mimi.

"Udongo hautoshi," nikasema. "Naacha. Mwaka huu Bhaiya ale bisi kwenye bakuli."

"Nenda kachote mwingine," Didi akasema. "Lakini chota pale penye magugu, chini yake, ule mweusi."

Nilikwenda bwawani na karai. Nilichukua muda, kwa sababu wasichana wengine walikuwa pale na mimi kupita mbele za watu hunigharimu. Niliporudi na karai kichwani, paa lilikuwa limekaa, tambarare kama meza, na Didi alikuwa amepiga magoti mbele yake, sari ameipandisha, udongo umemfika viwikoni. Alikuwa ameshaanza kuinua ukuta mwingine juu ya paa langu.

Nilishusha karai polepole.

"Didi! Mai akiona?"

"Ameshaona."

Nikageuka. Mai alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni na ungo wa mchele, ametupa mgongo. Mai hakai hivyo hata siku moja. Huwa anakaa akitazama ua wote, asipitwe na kitu.

"Mimi sijaona chochote," akasema bila kugeuka. "Nachagua mchele. Mchele wa mwaka huu una mawe, unataka macho yote."

Basi tukajenga. Ghorofa ya chini ilikuwa yangu na ya juu ilikuwa yake. Hatukuambiana hivyo lakini ilikuwa hivyo. Alinipa ngazi niitengeneze, na mimi nikaitengeneza ya kupandia kutoka mbele, kipago kwa kipago, nikiminya kwa kidole gumba. Yeye akajenga baraza dogo lenye nguzo, na dirisha moja. Chokaa ilipokauka tukachora samaki chini na kasuku juu. Nilikuwa sijamsikia akiimba tangu aje. Siku hiyo aliimba puani.

Ya mwisho ilikuwa mlango. Alichukua kipande chembamba cha mbao katika masalia aliyoleta Bhaiya ya kuwashia moto, akakisugua kwenye jiwe mpaka kikawa laini, akakifunga kwenye ukuta kwa kitambaa badala ya bawaba. Kisha akachukua ujiti wa ufagio.

"Huo wa nini?"

"Komeo."

"Gharaunda haina mlango wa kufunga, Didi. Tena siku ya Diwali! Watu wanaacha milango yote wazi. Lakshmi ataingiaje?"

"Atabisha hodi," Didi akasema. "Aliye ndani akitaka, atamfungulia."

Na akaliweka komeo upande wa ndani. Ilikuwa kazi ya taabu, alilazimika kuingiza kidole kwa dirishani. Ujiti ulivunjika, akachukua mwingine.

Batasiya Chachi akaingia uani na bakuli la kurudisha. Hakuna siku anarudisha bakuli bila sababu.

"Eh! Ghorofa! Lalmuni, umeajiri fundi kutoka Patna?"

Chachi akatazama ile nyumba, akatazama kasuku, halafu macho yake yakashuka kwenye kucha za Didi. "Sunaina, mikono hiyo ulikuwa unapika nini?"

"Nilikuwa najenga, Chachi."

Batasiya Chachi alitua bakuli chini. Mtaa wote unajua maana ya mke wa mtu kujenga gharaunda kwa mama yake: ni kusema kwamba kule hana nyumba. Nikangoja atoke mbio akawatangazie. Akatoka kweli, tena mbio. Nilikuwa bado nimeshika moyo aliporudi na kikopo cha rangi mkononi.

"Imebaki ya binti yangu," akasema. "Kasuku gani huyo hana mdomo mwekundu? Mpake." Halafu akainama karibu na Didi. "Sikuona kitu, mama. Lakini kaka yako ana macho."

Jioni ya Diwali ikafika. Tulipanga vitaa vya udongo ukutani, kwenye kisima, kwenye ngazi. Mai alimaliza ibada, akatupaka tika kwenye paji la uso. Mimi nilijaza vijungu vyangu ghorofa ya chini. Didi akajaza vyake juu, bisi za mpunga, na juu ya bisi farasi mmoja wa sukari. Kisha akaurudisha mlango na kuukomea kwa kupitia dirishani. Mikono yake ilikuwa imetulia kuliko yangu.

Bhaiya aliingia na shati jipya, nywele zinanuka mafuta. Marafiki zake walikuwa uchochoroni wanalipua fataki na kumwita. "Nakuja, kwanza nile ghala langu!" akawajibu. Akachuchumaa mbele ya gharaunda, akaingiza mkono ghorofa ya chini, akachukua kijungu changu, akamimina kinywani.

"Bisi za Lalmuni zina mchanga kama kawaida."

"Hazina!"

"Zina. Meno yangu yanajua." Akacheka, akapandisha macho. "Na hii ya juu? Mwaka huu tumepandishwa cheo?" Akausukuma mlango mdogo kwa kidole. Haukufunguka. "Umefunga?"

"Mimi sikufunga."

"Nani sasa?"

Mai alikuwa mlangoni kwa jikoni. Didi alikuwa amesimama kando ya nguzo na kitaa mkononi. Nikajua kwamba nisiposema mimi, Bhaiya atainuka aende kwa rafiki zake, na kesho gari litakuja.

"Ghorofa ya juu ni ya Didi," nikasema. "Ameijenga yeye. Bisi ni za kwako."

Bhaiya akaacha kucheka. Alisimama wima.

"Sunaina ameolewa."

"Najua, Bhaiya."

"Kesho Ramsakal-ji anakuja hapa na gari. Nimempa neno langu. Mtaa mzima umepita uani hapa leo, umeona hii! Mai, na wewe uliwaacha?"

"Nilikuwa nachagua mchele," Mai akasema, lakini sauti yake haikufika mbali.

"Ni mlango gani huu hata haufunguki?" Alikuwa amekasirika, lakini ni seremala, mlango usiofunguka unamsumbua hata akiwa na hasira. Akainama tena. "Komeo liko wapi? Silioni."

"Liko ndani," Didi akasema.

"Nani anaweka komeo ndani ya nyumba ya udongo?"

"Mimi. Kule liko nje."

Fataki ikapasuka uchochoroni, watoto wakapiga kelele. Didi akangoja kelele ipite. Alikitua kile kitaa chini.

"Wakienda shambani wanakomea. Wakienda sokoni wanakomea. Usiku wakilala wanakomea. Wanasema mwanamke ambaye mume yuko mbali lazima atunzwe. Hawakunipiga, Bhaiya, wala hawakuninyima chakula. Nitamwambia nani kwamba nimefungiwa mlango? Kila nyumba ina mlango. Mwezi wa joto kali jiko la jirani liliwaka, moshi ukaingia kwetu, wote wakakimbia. Mimi walinikumbuka baadaye. Nilisukuma kwa bega. Ni mlango mzuri. Haukuvunjika."

Bhaiya alichuchumaa tena, au niseme alikaa, shati jipya kwenye udongo. Uchochoroni walikuwa wanamwita, "Upendra! We Upendra, umelala humo?"

"Lile komeo la nje," akasema mwishowe, "nililifunga mimi. Lilikuwa halimo kwenye hesabu. Nilikuwa na komeo moja zuri limebaki, nikasema nimtilie dada yangu na la nje, mlango ukamilike." Alikuwa anaongea na ile gharaunda. "Nilitia skrubu nne. Kwa kawaida watu wanatia mbili."

Mai alikuwa analia, nasikia tu, sikugeuka.

"Nifungulie, Sunaina," Bhaiya akasema.

Didi akaja akapiga magoti. Akaingiza kidole kwa dirishani, akainua ujiti wa ufagio, na kile kimlango kikafunguka chenyewe. Bhaiya akachukua kijungu kimoja. Alikula bisi bila mzaha, akakigonga kijungu kwenye kiganja zitoke zote. Akachukua cha pili. Akala mpaka cha mwisho, akamvunja yule farasi wa sukari kichwa, akakitia kinywani.

"Hizi hazina mchanga," akasema.

Nilikasirika kidogo, hata usiku ule.

Asubuhi Ramsakal-ji alikuja na gari la kukodi na mkungu mwingine wa ndizi. Bhaiya alimngoja mlangoni, akamsalimu kwa kugusa miguu yake kama inavyopasa kwa mkubwa. Kisha hakuondoka mlangoni. Ramsakal-ji akatazama uani kupitia bega lake, akaona nyumba yetu ya ghorofa, kasuku wenye midomo myekundu, vijungu vitupu vimelala ubavu juu na chini.

"Mabinti zenu ni wangapi siku hizi?" akauliza.

"Wawili, kama zamani."

"Umekula vya juu?"

"Nimekula vyote."

Mzee alikuwa mtu wa huku huku, hakuhitaji kufafanuliwa kwamba kaka aliyekula amekubali. Alizungumza kwa muda, kuhusu jina la nyumba na mdomo wa watu, na Bhaiya alimsikiliza mpaka mwisho, mikono ameifunga mbele. Halafu akasema, "Kosa la komeo ni langu, Ramsakal-ji, silitupi kwako. Lakini Sunaina haji. Na mlango wangu nitakuja kuuchukua mwenyewe, nikipata trekta."

Ndizi zilirudi na gari.

Watu wa Muzaffarpur hawajaleta habari tangu siku hiyo. Bhaiya anasema labda barua imepotea, anasema akicheka, lakini jalebi wiki ile alisahau kuleta. Batasiya Chachi anasema anamjua msichana mmoja upande wa Hajipur, anapika vizuri na hana mjomba.

Ibada ya Chhath, siku chache baada ya Diwali, ilipopita tuliibomoa gharaunda na kurudisha udongo bwawani. Trekta ilileta ule mlango wa shisham, mzito, hauna hata ufa. Bhaiya aliung'oa komeo la nje, akaziba matundu kwa vumbi la mbao na gundi, akaufunga chumbani kwetu mimi na Didi. Ukipitisha kidole unayasikia bado.

Siku hiyo jioni Didi alisimama pale mlangoni kwa muda. Kisha akaliinua lile tofali lake, akampelekea Mai jikoni, akamwambia aliweke chini ya mtungi unaoyumba. Akaingia. Mai na mimi tukasikia komeo la ndani likirudi mahali pake.

"Afadhali," Mai akasema, akasukuma mtungi kuona kama umekaa sawa. "Leo mbu watalala njaa."

Kisha ikabidi nibishe hodi, maana mimi pia nalala humo.